Alihesabu viti, hakuuliza maboksi

Jumanne, na ukungu umeshuka mpaka mlangoni. Nimevaa sweta na khanga mbili juu yake, bado baridi inanitafuta. Lakini moyoni nina joto. Leo nimelipiza kisasi, na sijutii.

Mnaonisoma siku zote mnajua mimi shule sikwenda. Naongea, simu inaandika. Pakiwa na kosa ni la simu.

Jikoni kwetu hapa Karatu tuna viti kumi na viwili. Tunapika mimi na mkwe wangu Theresia, mke wa mwanangu. Lakini chakula chetu kingi hakiliwi hapo. Asubuhi na mapema madereva wa watalii wanakuja kuchukua lanchi boksi, themanini, siku nyingine mia. Kuku wa kukaanga, chapati, yai. Zinakwenda kuliwa huko kreta, mbugani kwenye wanyama. Nani Karatu hajui hilo?

Fundi Gaspari.

Alikuja kutuwekea chemba ya mafuta, lile boksi linalokaa kati ya sinki na bomba la nje, mafuta yabaki humo, maji yaende zake. Akauliza swali moja tu: mna viti vingapi? Theresia akajibu alichoulizwa. Gaspari akaleta kichemba kidogo kuliko kreti la soda, akakifunga, akaondoka anapiga mluzi.

Sasa niungame. Nilikuwa nimesimama palepale na sufuria mkononi, na nilijua. Nimeengua mafuta ya maziwa tangu nikiwa msichana, hayapandi juu mpaka maziwa yatulie. Maji ya masinki yetu matatu yakishuka kwa pamoja, tena ya moto, yatatulia wapi kwenye kile kikopo? Lakini yeye alikuwa na tepu ya kupimia na kalamu sikioni. Mimi nina nini?

Nikanyamaza.

Wiki ya tatu bomba likaziba. Mafuta yalipita humo yakiwa bado moto, yakafika nje kwenye baridi yetu, yakaganda kama mshumaa. Maji machafu yakarudi jikoni. Bwana afya akatupa siku saba, tusiporekebisha anafunga jiko. Na Gaspari akasimama mbele yake akasema kosa ni la Theresia, anamwaga mafuta ya kukaangia kwenye sinki. Hawa wa vijijini, alisema, hawajazoea sinki.

Theresia ametokea kijijini kweli, Baray. Mafuta ya kukaangia anayamimina kwenye dumu, sijawahi kumwona akikosea. Siku ile alilia mpaka akashindwa kusonga ugali.

Umemliza mkwe wangu? Haya.

Leo, siku ya sita, nikawaita wote wawili, Gaspari na bwana afya, saa tatu asubuhi tunapoosha vyombo. Nikajaza masinki kwa ndoo, nahesabu kwa sauti. Kuhesabu nilifundishwa na soko. Ndoo nne, mara masinki matatu, kumi na mbili. Chemba yake inabeba mbili. Nikafunua mfuniko.

"Baba, hebu chuchumaa hapo utuangalizie chemba yako."

Akachuchumaa. Nikavuta vizibo vyote kwa mpigo.

Jamani. Maji yalipanda na mafuta yake na mabaki ya kuku, yakamwagikia zile raba zake nyeupe.

"Bibi, funga! Funga!"

"Nifunge nini, baba? Si ni viti kumi na viwili tu?"

Bwana afya akauliza leo wamepikiwa watu wangapi. Theresia akajibu mwenyewe, bila kuinamisha kichwa: "Themanini na nne. Hakuniuliza."

Gaspari sikumwachia hapo. Nilitaka amwombe Theresia radhi kwa jina lake, mbele ya wasichana wote wanaotuoshea vyombo, raba zikiwa zinachuruzika. Akaomba. Kisha akashika jembe. Chemba mpya inajengwa nje, ya kubeba ndoo hamsini, masinki yajae yamwagwe mara nne na maji bado yapate pa kutulia, yapoe. Nusu ya shimo ameshachimba.

Mchana nilimpa supu na chapati mbili, nikamwongeza ya tatu. Ana njaa kama watu wengine. Ila sahani ameosha mwenyewe.

Nimejiuliza jioni hii, hasira yote ile ilikuwa juu ya Gaspari, au juu yangu mimi niliyesimama na sufuria nikanyamaza?

Maana akiwa anakula ilimtoka kwamba chemba kama ile ameweka kwenye majiko mengine matatu, barabara ya kwenda geti la hifadhi. Kote alihesabu viti. Kwa hiyo kuna mwosha vyombo mahali fulani anasemwa sasa hivi, na analia.

Kesho nabeba ndoo yangu. Theresia anakuja, na Gaspari anatuongoza njia. Nimemwambia avae raba zilezile.