Kitenge cha Mama Yako

Mwaura,

Sasa. Huku Kabiria tuko salama. Stima imerudi, na kifua cha mama yako kimepoa tangu aje kukaa na mimi.

Jumatatu nilivuka mpaka wa Busia vile uliniambia, kwa sababu ubalozi wa huko ng'ambo uliko, unaotoa visa za wake, uko Kampala. Nilibeba picha ya ngurario yetu, siku tulikata bega la mbuzi kwa baba na ukoo ukaniita mke wako. Afisa akaniambia kwa upole kwamba mke wa Mwaura alishapewa visa mwaka jana. Nikabishana naye mpaka akanigeuzia kompyuta. Ilikuwa picha ya ngurario pia, na mbuzi mwingine, na mwanamke mwingine. Wewe ulikuwa unatabasamu.

Hilo pengine ningelimeza. Lakini nyuma yenu amesimama mama yako, amevaa kile kitenge nilichomshonea mimi aliposema ni cha kwenda mazishi Nyeri.

Nilirudi jana. Alikuwa amenipikia mukimo, akaniuliza kama visa imetoka. Nikamjibu kwamba ilitoka mwaka jana.

Hakuuliza ni ya nani.

Ni mimi, Wanjira,
wa mbuzi wa kwanza.