Nukta Nyekundu za Ramadhani

Ndugu yangu Ramadhani,

Kosa la watu wengi ni kuamini ganda linalong'aa. Wanaona shaba safi, wanalipuliza kama filimbi, wanasema hili bado zima. Ni wewe uliyenifundisha, mimi mwalimu mstaafu wa fizikia niliyedhani ninaijua metali, kwamba ganda la risasi huchokea ndani. Kila linapojazwa baruti upya na kupigwa, shaba hutanuka, na baada ya muda karibu na kitako hujichora mstari mwembamba ambao kwa nje huuoni. Siku likikatika hapo, moto hurudi nyuma, usoni kwa mpigaji. Ndiyo maana hukujali mng'ao. Ulijali limepigwa mara ngapi.

Tangu tukuzike nimehangaika kutafuta maganda. Mapya yanatoka nje na klabu yetu ya shabaha haiyawezi, unajua. Yaliyotumika, ya bei nafuu, yapo, lakini yametoka wapi? Nilikwenda kwa wauza vyuma chakavu hapa Kasubi, nikamuuliza bwana mmoja mwenye mzani habari za gunia lake. Akanitazama kwa huruma. "Mzee," akasema, "hapa tunapima kilo, hatuulizi mama yake nani." Nikarudi mikono mitupu, magoti yakilalamika kwenye kilima.

Kisha Mama Zaituni akanipigia simu nije Naguru. Bado yumo katika eda, hatoki nyumbani, na mke wako unamjua, mikono yake haikai bure. Tulizungumza yeye akiwa nyuma ya pazia, Zaituni wenu akiwa kati yetu, na Zaituni ndiye aliyenisogezea sanduku lako la mbao. Maganda yote uliyoyaokota uwanjani moja moja kwa miaka, mama yake alikuwa ameyasugua kwa majivu na ndimu, siku baada ya siku, mpaka yakawa kama bangili za bibi harusi.

"Mwalimu, ona," mama akasema. "Hata zile nukta za rangi yangu ya kucha nimezitoa zote. Miaka mingi nauliza nani anamaliza rangi yangu. Kumbe mwizi nalala naye."

Akacheka. Zaituni alininong'oneza kwamba hakuwa amecheka tangu mazishi.

Nami nikacheka. Ningefanya nini? Zile nukta nyekundu, ndugu yangu, ndizo zilikuwa kumbukumbu yako, nukta moja kwa kila pigo, na ya tano ikifika, koleo. Sasa yote yanang'aa sawasawa, lililopigwa mara moja na lililokuwa linangoja kupondwa.

Zaituni anashindana Jumamosi. Anataka kupiga kwa maganda ya baba yake, si mengine. Nilimwambia nayachukua kwanza niyakague, nikaondoka kabla sijaulizwa zaidi. Leo ni siku ya nne. Nakaa dirishani na ule waya wako uliopinda ncha, naupitisha ndani ya kila ganda nikisikiliza kama utakwaruza. Vidole vyangu si kama vyako. Nimetenga kumi na tisa yenye mstari. Kwa yaliyobaki waya umenyamaza, lakini waya huonyesha ufa ulioanza tu. Haujui ufa utakaoanza Jumamosi. Jana nilijikuta nimeyapanga haya mengine upande mmoja, nikijiambia yanatosha. Nimechoka, Ramadhani. Na sitaki kumwambia mjane aliyecheka kwamba alichokifanya kwa mapenzi kimefuta kila kitu.

Halafu, nikikung'uta kitambaa cha sanduku, likaanguka moja ambalo mkeo alisahau kulisugua. Chafu, jeusi mdomoni, lina nukta nne. Nikaliweka peke yake dirishani. Kati ya maganda yako yote, hilo tu ndilo ninalolijua.

Basi nakwenda Naguru. Nitamwambia Mama Zaituni polepole, kupitia pazia lile lile, kwamba mwizi wa rangi yake alikuwa anamlinda mtoto. Nitampa hilo lenye nukta nne, alitunze bila kulisugua. Zaituni atanuna, ana kichwa chako. Pengine Jumamosi atakaa pembeni akitazama wenzake wakipiga, lakini atawatazama kwa macho yake yote mawili. Nakuahidi hatatia bundukini ganda nisilolijua, maadamu mimi ni mzima.

Kwaheri, ndugu yangu. Pumzika, hii kazi niachie. Nakumbuka siku ile ya mwanzo, nilipokubishia kwa ajili ya ganda moja zuri, ukanitazama juu ya miwani yako. "Mwalimu, kama hujui limepigwa mara ngapi, usilibembeleze. Chukua koleo, uliponde leo."