Kibao cha Mudete

Nakuru, Jumapili jioni

Dada yangu Dorika,

Kabla sijasema lolote, niambie mguu wa mama unaendeleaje, na kama watoto wako wote wanne wamepona surua. Sisi huku tu wazima, ila Zakayo anakohoa kwa vumbi la maua ya pareto la kule ghalani anakofanya kazi, na baridi inayoshuka kutoka vilima vya Dundori haimsaidii. Barua hii isome peke yako. Mama umsomee salamu tu.

Nimefanya kosa, na sababu ni wivu. Nakwambia wewe kwa kuwa unanijua nilivyo tangu utotoni.

Unamkumbuka Mama Rael niliyekuandikia habari zake? Yule Mnandi ambaye mumewe ni askari kule Lanet, anayeuza chai na viazi vya kuchemsha karibu na bomba la maji. Mimi na Zakayo ndio tuliopewa ufunguo wa kwanza katika nyumba hizi, chokaa ikiwa bado mbichi. Mimi nilifagia njia hii kabla mtu mwingine hajaikanyaga. Yeye alikuja miaka miwili baadaye na mimba yake, akamzaa Rael, akabandika birika, na tangu hapo mahali pote pakawa Kwa Mama Rael. Mimi naitwa bibi ya Zakayo. Miaka sita, Dada! Mtu wa kunifanya niitwe mama fulani hajazaliwa, na huku jina Yunia halijui mtu ila mume wangu.

Basi mwezi uliopita akaja karani wa ofisi ya mji, ramani kwapani. Akasema mji umekua, barua zinapotea, gari la wagonjwa linazunguka bure. Wazungu wa Milimani wana majina ya barabara zao, sasa na sisi kila mtaa upate jina na mipaka, na jina litoke kwa wenyeji. Akataka mtu wa kupita nyumba kwa nyumba na daftari. Kwa ile miaka yangu minne ya shule ya misheni, nikachaguliwa mimi. Nilifunga kitambaa kipya kichwani kwa furaha.

Mlango wa kwanza ulikuwa wa mzee mmoja fundi viatu.

"Andika tu Kwa Mama Rael," akasema. "Kwani iko jina ingine?"

"Na mtaa unaishia wapi, mzee?"

"Inaishia pale chai yake inafika ikiwa bado moto."

Nyumba nzima ikacheka. Mlango wa pili hivyo hivyo, wa kumi hivyo hivyo, mpaka nikaona kama wamepatana. Nikarudi kwangu nikamwuliza Zakayo, akiwa anavua viatu. Hakuinua hata kichwa.

"Si Kwa Mama Rael?"

Hapo ndipo moyo uliponiwaka. Nilifungua ukurasa mpya, na mbele ya kila nyumba, zote thelathini na nane, nikaandika Mudete. Ndiyo, kijiji chetu. Na karani aliponiuliza mpaka, nikamwonyesha bomba, upande wa huku, ili meza ya chai ibaki nje ya mtaa. Akapiga mstari, akanishukuru kwa kazi safi.

Wiki iliyopita wakaleta kibao. Wakakisimamisha mpakani, yaani ubavuni mwa meza yake! Sasa anatundika kitambaa chake cha vikombe hapo.

Zakayo alikisoma, akaniangalia. Majirani walipomwuliza Mudete ni nini, akajibu, "Ofisi imeamua." Amenifichia siri, wala hajaniuliza neno. Afadhali angenigombeza.

Mama Rael hajui kusoma. Alisomewa na wateja, kisha akaja mlangoni kwangu, amemshika Rael mkono.

"Bibi ya Zakayo, hii Mudete ni kitu gani?"

"Ni kwetu," nikasema. "Ndiko nilikozaliwa."

Nilingoja matusi. Alinitazama, akatazama nyumba yangu ilivyo kimya, akasema, "Kumbe. Na hukusema?" Akaenda zake. Siku tatu sikupita kwenye meza yake. Maji nilikuwa nikiteka alfajiri, kabla hajawasha moto.

Msalimie sana shemeji yangu. Baba mdogo, mwalimu wetu wa kanisa, mwambie mahindi yalifika bila kuoza. Na shangazi anayeniombea mtoto, mwambie asichoke.

Jana nilikuwa nimekwisha kunja karatasi hii, leo maji yakaisha ndani, ikabidi niende bombani mchana kweupe. Foleni ilikuwa ndefu. Nikatega ndoo, nikawa natazama chini, nisione kibao wala mwenye meza. Mama Rael akapaza sauti, kila mtu akisikia:

"Mama Mudete! Ndoo yako imejaa!"

Nilidhani watacheka. Hakuna aliyecheka. Mwanamke aliyekuwa nyuma yangu akanigusa bega: "Mama Mudete, sogea basi, na sisi tuteke."

Niliitika, Dada. Niliitika kwa sauti, kama mtu aliyezoea. Halafu njiani machozi yakanitoka, na namchukia kuliko jana, kwa maana hata jina hilo amenipa yeye.

Mdogo wako akupendaye,
Yunia