Nitamupeleka Mama Yake ku Ngome ya Delhi

Papa Neema,

Passeport imetoka. Nimeificha chini ya godoro, upande wako. Sasa Baraka njo analala pale, na anakojoa, donc nimeifunga mu sachet mbili za plastiki. Baraka ni mutoto mwenye uliniachia mu tumbo. Ana masikio yako.

Ninaenda India. Mimi, bibi yako mwenye hajavuka hata mupaka ya Kasindi. Usicheke.

Ninaenda na mama ya Patron. Ndiyo, ule commerçant, tajiri ya biashara, mwenye ulimujengea portail, ile mulango kubwa ya lupango, pale Vulamba. Mama yake, sisi bote tunamuita Mukaka, macho yake yamefunikwa kama mutu aliyamwangia maziwa, na madaktari ba hapa balisema apelekwe Delhi. Patron alitaka kumupa garde-malade, muuguzi mwenye diplome. Mukaka akakataa: «Mimi nataka mikono ya huyu mama.» Ni mwaka sasa ninamuogesha, ninamupikia bugali laini, ninamushika mukono mpaka ku misa. Siku nilianza kazi, Patron hakuniuliza bwana yangu alikuwa nani. Mutu mwenye hakujifunza jina ya maçon mwenye alimujengea, bibi ya maçon atamujulia wapi?

Kama angeniuliza, singeficha. Mais hakuuliza.

Unakumbuka ile kalenda ya pharmacie? Ilikuwa na picha ya ngome nyekundu ya Delhi, bafalme ba Kimogoli, ba kule India, njo baliijengesha zamani. Patron alikuletea, akasema anataka portail kama ile ya pale, na minara mbili pembeni. Uliitundika juu ya kitanda yetu. Ulikuwa unaipima na règle ya Neema, ile rula ya masomo, yeye analia anataka règle yake. Kila kipimo ulikipata. Mais kule juu kabisa pharmacie ilikuwa imeandika jina yake na maandiko makubwa, ikafunika kichwa ya mulango. Ulienda kumuuliza Patron kuko nini chini ya yale maandiko. Akakujibu: «Weka kitu tu, fundi, mimi nitajulia wapi?»

Juma nzima hukulala vizuri. Kisha siku moja nilikuwa ninapika maharagi, ukaniangalia, ukasema: «Nimepata. Nitaweka mafiga matatu.»

Nikakuambia: «Papa Neema, bafalme hawapikie ku mafiga.»

«Sawa. Mais sisi tunapikia.»

Ukayaweka. Matatu, ya mviringo, ya tofali ya kuchoma, kila moja umeikata na mukono. Batu balikuwa banasimama mu barabara kuangalia juu.

Na siku ya kubariki ile nyumba, padri alipomaliza na maji yake, Patron akashika micro. «Nilisimama mbele ya ile ngome na miguu yangu, nikachora ku karatasi, nikakuja kubaonyesha vijana namna ya kupanga tofali.» Mutu moja akauliza yale matatu ya juu ni nini. Akajibu bila haya: «Ni bafalme batatu ba kule.» Batu bakapiga makofi. Mimi nilitaka kusimama. Ukanishika mukono, ukasema: «Acha, Mama Neema, kula, nyama iko tamu.»

Ile nyama haijanishuka mpaka leo.

Vijana. Wewe mwenyewe fundi, ukageuka «vijana» tu. Batu benye balitaka portail kama ile balienda kumuuliza Patron, na yeye akabatuma kwa fundi mwingine, mutoto ya dada yake. Miezi mitatu ulikaa bila chantier, bila kazi ya kujenga, mu muji yenye ulikuwa umejenga mulango yake muzuri kupita yote. Njo ukakubali kazi ya Eringeti, kujenga hangar ya kuwekea kakao. Juma mbili tu, ulisema. Nilikufungia viazi.

Batu ba musitu, bale baasi ba bunduki, balifika asubuhi, ukiwa unachanga ciment. Bale balipona bakaleta mwili yako Oicha. Nilikutambua na ile shati... Hapana. Pale siandike.

Mwenye alikuua Eringeti, simujui sura. Mwenye alikufanya uende kule, ninamujua. Ninamupelekea chai kila asubuhi. Anapenda sukari tatu.

Sasa sikiliza namna nimepanga. Mukaka mwenyewe njo alifungua njia. Aliniambia: «Mwanangu, macho yangu yakifunguka, kitu ya kwanza ninataka kuona ni ile ngome mutoto yangu alisimama mbele yake.» Nilikuwa ninamupaka mafuta ku miguu.

Nilishaangalia mu simu. Kule juu, chini ya yale maandiko ya pharmacie, kuko vibanda vidogo vyeupe, saba, vimepangwa, paa zao kama miavuli. Mafiga hakuna. Mais picha ya simu, Patron atasema nimeitengeneza, ao ni ngome ingine. Mama yake akiona na macho yake mwenyewe, Patron hataweza kumuambia vile.

Siku ya lundi, jumatatu, ngome banaifunga. Donc itakuwa mardi, siku yenye inafuata, baada ya kumutoa bandeji na daktari kukubali. Tutaenda asubuhi, jua haijawa kali. Nitabeba maji, kitambaa ya kichwa, na miwani yake nyeusi. Nitaomba kiti ya magurudumu ku hospitali. Nitamusimamisha mbele ya mulango, nitanyamaza, ahesabu mwenyewe vile vibanda saba. Kisha tutarudi Vulamba, ainue macho ku portail ya mutoto yake, yenye macho yake hayajaona bado. Mukaka amepikia batoto nane ku moto ya kuni. Atatambua mafiga, na atajua mutoto yake hakusimama kule, bila mimi kumufasiria.

Nikuambie kweli, nilitaka kuacha. Mukaka ananipenda. Ananiwekea ndizi tamu chini ya muto kama mimi ni mutoto, na juma iliyopita aliomba kumupakata Baraka, akapapasa uso yake polepole, akasema: «Huyu ana masikio ya mutu ya kazi.» Nikatoka inje kulia. Nikajisemea, Masika, huyu mama alikukosea nini?

Siku ile ile Patron akaingia na bageni. Akaanza tena ile hadisi yake ya ngome, sasa ameongeza kwamba mulinzi ya kule alimusalimia na jina. Nikapanguza macho, nikabaletea chai.

Sitamudanganya Mukaka. Akiniuliza, nitamujibu. Atalia, na mimi nitamushika, sababu sina ugomvi naye. Mais sitamukinga mutoto yake. Nitasema mbele ya jamaa yote: maçon ya ile portail ni Kambale, bwana yangu, marehemu. Patron asimame pale alisimama na micro, mbele ya batu bale bale, aseme alidanganya. Kisha nitavua tablier yake, ile nguo ya kupikia, niiache ku kiti. Sitaki kitu ingine kwake, hata pole.

Neema atabaki kwa mama yangu Beni, Baraka pia. Nimeshabafulia manguo.

Baki na amani, bwana yangu. Ninakuahidi, jina yako itatoka mu kinywa ya ule mutu, mama yake akimuangalia usoni. Mama yangu anasema kisasi ni ya Mungu, nimuachie. Sawa. Nitamuachia Mungu kile kitabakia.

Bibi yako,
Masika