Kapteni Aliyeachwa Kwenye Nyota Nyekundu

Jumamosi, 2 Agosti 1975

Imefika! Bango liko ukutani pale sinema: roketi, moto, mnyama mwenye meno. Sehemu ya pili! Miaka mitatu tumeingoja, mimi na Apolinary wangu. Mji huu hakuna aijuaye ya kwanza kunishinda. Nani mwingine mtaani kwetu Kashai ameona sinema Kampala, Nairobi na Mwanza? Niliishia darasa la sita, sawa, lakini Kiingereza cha roketi nakielewa. Hakina maneno mengi.

Nimetuma salamu Muleba kwa konda wa basi: mwambie Apolinary aoshe masikio.

Jumapili, 3 Agosti

Konda karudi na jibu. Daktari anataka Apolinary apelekwe Mwanza kwa meli, apasuliwe mgongo. Nusu kupona, nusu kaburi. Yeye kakataa kuamua. Kaapa mbele ya mkewe, Klaudia: kama wenzake walimrudia yule kapteni wa sinema, naye atapanda meli. Kama hawakurudi, hatoki kitandani.

Nikacheka. Konda hakucheka.

Huyu alikuwa utingo wangu. Lori lilipolala njia ya Biharamulo, usukani niliushika mimi. Nikatoka na mkwaruzo wa kiwiko — basi.

Jumatano, 6 Agosti

Nimeiona, onyesho la saa kumi. Afadhali nisingeiona.

Ya kwanza ilikuwa na roketi moja tu, na ilipopaa tulishika viti. Hii ina roketi kumi na mbili, zote zinaning'inia kwenye uzi. Uzi nimeuona! Mnyama ana zipu mgongoni. Nilikaa na Lukmani, fundi cherehani wa Miembeni, akapiga kelele ukumbi mzima: zipu gani hiyo, mleteni kwangu nimshone upya! Watu hoi. Ile ya kwanza nani alicheka? Kapteni alivunjika mguu, wakamlaza pangoni, ukamsikia anavyohema ndani ya kofia ya kioo. Na wewe ukabana pumzi.

Mimi sikucheka. Dakika ya tano tu walionyesha lile pango. Rundo la mawe. Juu yake kofia ya kioo.

Kapteni alikufa! Kumbe alikufa kulekule sehemu ya kwanza, wakamzika, wakaondoka. Hata hawamtaji tena.

Siku ile ya mwaka sabini na mbili umeme ulikatika kapteni akiwa bado anahema. Watu wakarudi makwao. Mwisho sikuuona. Nikautengeneza mwenyewe, ndani ya basi la Muleba: wenzake wanaapa watarudi, kapteni anapunga mkono. Apolinary, mwezi wa tatu kitandani, alilia kama mtoto. Tangu hapo watu wa nyumbani kwake wanamwita Kapteni.

Na hadithi ya kwetu huianzi bila kusema: nilikuja, nikaona. Nao wanakujibu: bona tulole. Ona, nasi tuone. Nilisema nimeona! Wakaona kwa macho yangu.

Nimemweleza Lukmani. Anasema mbona rahisi, ya kwako imezishinda zote mbili, endelea nayo tu.

Imezishinda kweli. Ndiyo shida yenyewe.

Ijumaa, 8 Agosti

Sukari robo kilo, foleni tangu asubuhi. Ya mgonjwa. Angalau sukari ni ya kweli.

Jumamosi, 9 Agosti. Muleba

Klaudia kanidaka kwenye migomba kabla sijafika mlangoni. Kapungua. Anasema akifia Mwanza nani atamrudisha, na akibaki, vidonda vya mgongo vinamla. Nikamweleza lile rundo la mawe, nikamuuliza: sasa shemeji, niseme nini?

— Mimi shemeji sijui hata nikuombe uongo upi.

Wamemtoa Apolinary chumbani hadi sebuleni, wametandika nyasi mpya chini. Majirani wamejaa, mpaka balozi wa nyumba kumi. Kahawa ya kutafuna imezunguka. Apolinary kanyolewa ndevu! Anasema: wewe mzee wa Kampala, leo ukinipunguzia hata roketi moja nitajua.

Nikasema: nilikuja, nikaona.

Bona tulole! Sauti yake iliwapita wote.

Basi nikaanza na roketi. Zote kumi na mbili, moja moja, kila moja na moshi wake. Uzi sikuutaja. Nikaleta mnyama, nikamfungua zipu, nikamfunga. Balozi kacheka mpaka kadondosha kahawa. Nikamleta mnyama wa pili, ambaye hata hayupo. Apolinary alikuwa anatabasamu tu, ananiangalia mdomo. Kisha akauliza taratibu:

— Na kapteni?

Nikasema waitu, jamani, ngojeni kwanza, kahawa imenikaba, niende uani.

Niko nyuma ya nyumba, daftari gotini. Kalamu ya risasi imebaki kijisehemu. Mdomo huu umepita mipaka yote, polisi wa kila barabara wameukubali, leo hauna kitu. Nikisema alirudiwa, nampeleka kwenye kisu. Nikisema aliachwa... siwezi. Mimi tena? Siwezi.

Harufu ya pasi ya mkaa. Nachungulia dirishani: Klaudia ananyoosha shati jeupe la Apolinary, lile la harusi. Hapigi pasi kwa hasira, anapiga polepole, kola, mikono. Namuuliza kwa ishara, vipi? Ananong'ona: kasema ulivyokuwa unachekesha, kapteni lazima yuko hai.

Ndani wananiita. Yeye ndiye anaita.

— We mtu! Njoo uone, tuone!

Nakuja, nasema. Nakuja, Kapteni, nafunga tu daftari.