Damu ya Siku ya Tatu

Jumatatu, 1 Juni 1998

Natangaza rasmi, mbele yangu mwenyewe na paka, kwamba mashine yangu ya chapa imepoteza herufi R. Kuanzia leo wateja wangu wanaishi mkoa wa Ukwa. Nimesimama dakika moja kwa heshima, kisha nimeendelea na barua ya Bwana Leonardi. Sasa ni Leonadi. Hajagundua.

Mchana kwa Daktari Valerian, yule wa Mbeya anayekodi chumba nyuma ya duka la dawa, Jumatatu moja anakuja, moja haji. Kuna sindano za kuamsha mayai ya mwanamke, zinachomwa Dar. Ila kwanza nipime damu, ajue kama mayai yangu yatazijibu. Sindano ni kama mbolea, anasema, humwagi kabla ya kupima udongo. Miaka kumi na moja ya ndoa, na mimi ni udongo.

Zenon kakubali. Majibu yakiwa mazuri, anauza mahindi tunakwenda Dar. Yakiwa mabaya, tutakaa tuzungumze. Mume wangu mfanyabiashara wa nafaka—sijawahi kumwona amekaa akazungumza.

Jumatano, 3 Juni

Damu ya mwezi imeingia. Nimeweka alama. Edith, nesi wa Daktari na mwenzangu wa kwaya, kasema niende kupima Jumatatu tarehe 15. Yeye ndiye anajua. Upepo unakata masikio.

Jumatatu, 15 Juni

Edith kanitoa damu. Mkono mwepesi, hata sindano sikuisikia. Chupa ikaingia kwenye boksi la barafu, boksi likaingia kwenye basi la kwenda maabara Mbeya. Zenon yuko Muze tangu Alhamisi. Mpunga, anasema.

Jumatatu, 29 Juni

Ishirini na mbili. Ikizidi kumi ni mbaya.

Daktari kasema mayai karibu yamekwisha, sindano zitapotea bure. Nina miaka thelathini na nne. Kaniachia karatasi ya maabara nimpigie chapa nakala za faili—mgonjwa na karani, mtu mmoja.

Zenon kaisoma amesimama. "Basi, mke wangu. Mungu ndiye mpangaji." Mtu huyu hubishana na mizani kwa kilo mbili tu za gunia. Na namba hii hakubishana hata kidogo.

Alhamisi, 2 Julai

Leo ndiyo nimeikalia ile karatasi. Mstari wa nne: siku ya mzunguko—3. Mwandiko wa Edith.

Tatu? Nikafungua daftari hili. Damu iliingia tarehe 3, nikapimwa tarehe 15. Hiyo ni siku ya kumi na tatu! Ninacho kitabu cha wauguzi, cha mitumba, nimekisoma mara nne kwa kamusi. Kinasema katikati ya mwezi, yai likitaka kutoka, namba ile hupanda kwa kila mwanamke mzima. Kipimo ni siku ya tatu tangu damu iingie.

Nikaenda kwa Edith. Alikuwa anaanua nguo. Hakukana. Daktari alipoandika "siku ya tatu", yeye alielewa Jumatatu. Na Daktari huja Jumatatu, na basi la barafu ni la Jumatatu, basi mambo yakakaa sawa. Nusura nicheke. Kosa la Kiswahili, nani hajalifanya.

Nikamuuliza kajua lini.

"Tangu Pasaka, da Coleta."

Daktari alimsahihisha. Ila basi halikubadilika, naye akaogopa kupoteza kibarua, akaendelea kujaza 3 kwa kila mwanamke. Miaka sita tunaimba sauti ya pili bega kwa bega. Nikamwambia angalau mimi angeniambia.

"Ningekwambia wewe, ningewaambia wote."

Akaendelea kukunja mashuka.

Ijumaa, 3 Julai

Damu mpya iliingia juzi. Leo ni siku ya tatu, ya kweli. Nimetolewa damu na nesi nisiyemjua, afadhali. Imesafiri ndani ya chupa ya chai yenye barafu, kwa dereva wa lori aendaye Mbeya. Nimemwambia asinywe.

Zenon sijamwambia. Nataka nimwekee namba mezani.

Jumatatu, 13 Julai

Sita! Sita, sita, sita.

Daktari kaniomba radhi kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili. Mayai yapo, yatajibu. Barua ya kwenda Dar ninayo mkobani. Nikatoka natembea kama mtu aliyeshinda kesi, nikapitia posta.

Barua moja kwenye sanduku letu. Kaandikiwa Zenon, kutoka Muze. Nimeifungua kwa mvuke wa birika, ufundi niliobaki nao tangu masijala, kabla serikali haijatupunguza.

Ni ya Mzee Mboje, mfugaji. Ng'ombe kumi na wawili anawakubali. Binti yake Kabula yuko tayari baada ya mavuno.

Nilidhani ni Edith. Siku kumi na moja nimemlaani Edith, kwamba namba yake ndiyo itakayonivunjia nyumba.

Zenon yuko bafuni. Anaita nimpelekee taulo. Anauliza Daktari kasemaje. Ninayo taulo mkononi, na barua zote mbili.

Mzee Mboje ni mtu wa utaratibu, ameanza ipasavyo: nimepokea posa yako ya tarehe 12 Juni.

Mimi nilitolewa damu tarehe 15.