Ndoa ya Mizunguko Miwili

Vesna, Saskatchewan
Tarehe 20 Oktoba, 1988

Kwa kaka yangu mpendwa Zenon,

Zipokee salamu za nyumbani, umgawie na wifi Marlene, na watoto msiwasahau. Je, kifua cha Markian kimepona? Usimlundikie masweta tu, mpe na kitunguu na asali, ingawa mimi mfamasia sikupaswa kusema hivyo kwa maandishi. Sisi huku hatujambo kwa kiasi. Mavuno yamekwisha, baridi imeanza kung'ata asubuhi, na Baba anatembea.

Ndiyo, anatembea, kwa mkongojo, mguu wa kushoto ukiburuzwa nyuma. Tatizo ni mahali anapotembea. Anaizunguka meza ya jikoni. Akimaliza chai anashika ukingo wa meza na kuanza safari, na Mama anasukuma kiti kikamzuie. Baba anakisogeza, Mama anakirudisha. Daktari mstaafu na mwalimu mstaafu wanagombea kiti kutwa nzima, nami niko katikati natafuta pa kuweka kikombe. Ningekupigia simu, lakini simu iko jikoni na wao wako jikoni.

Kisa cha harusi yao unakijua, tumelishwa tangu utotoni pamoja na supu ya bitiruti. Lakini wifi hajakisikia chote, na nataka msome barua hii pamoja, kwa hiyo nivumilie nianze mwanzo.

Ilikuwa Novemba 1951, Jumamosi ya mwisho kabla ya mfungo wa Noeli. Baba alikuwa mtoto wa kwanza wa mashamba haya kuwa daktari, na wazee walimwona mali ya wote. Wakamtafutia Mama yetu, Stefania, mwalimu wa shule, binti wa Kuzyk wa ghala la ngano. Kanisa lilijaa hadi kwenye ngazi. Mataji yakawekwa vichwani, mikono ikafungwa pamoja kwa kitambaa cha tarizi, na Padri Ostap akawaongoza kuizunguka ile meza ndogo mbele ya altare, ambayo kwetu huzungukwa mara tatu. Wakazunguka mara ya kwanza, wakazunguka ya pili. Hapo mlango ukafunguka kwa kishindo, akaingia mkulima Semko na mabuti yake ya matope, akisema mke wake yuko kwenye uchungu tangu jana na mtoto ametanguliza mkono.

Baba alimtazama Mama, Mama akaitikia kwa kichwa. Baba akafungua fundo kwa meno, akatoka na taji likiwa bado kichwani. Mke wa Semko na mtoto walipona. Taji lilirudi limefungwa katika gazeti, pamoja na kuku wa shukrani. Lakini theluji ilimzuia huko siku kadhaa, na aliporudi mfungo ulikuwa umeanza, wala kwetu hakuna harusi wakati wa mfungo.

Padri Ostap alisema ndoa ilitimia mataji yalipowekwa, mengine ni furaha juu ya furaha. Watu wa Vesna hawakukubali. Kwao tatu ni tatu. Ikasemekana watamalizia baada ya Noeli. Noeli ikapita, wewe ukawa tumboni, aibu ikaingia, basi. Ndivyo tulivyosimuliwa. Na kila Pasaka Shangazi Paraskeva lazima amchokoze Mama: “Haya, theluthi mbili za mke, nipe chumvi.” Wewe mwenyewe ulipoitwa mtoto wa mzunguko wa pili ulimpiga ngumi kijana wa Kowalchuk, nikakushikia kofia.

Sasa tangu kiharusi cha Agosti Baba ameshikilia neno moja: mzunguko wa tatu, kabla ya mfungo wa mwaka huu. Padri Danylo, kijana wa watu, amekubali. Mama amekataa, na hatoi sababu. Jumapili Shangazi alikuja kula, akamwambia Mama mbele yetu sote: “Stefka, mwanamume karibu apige goti na mguu wake huo mbovu. Unangoja nini, posa ya pili?” Mama akainuka akisema nyama inaungua. Zenon, nyama ilikuwa mezani, tunaila.

Tangu siku hiyo sikutulia. Dukani nilimpa mzee mwenye kidonda cha mguu dawa ya kikohozi, akanirudishia kwa upole akiniuliza kama niko sawa. Sikuwa sawa. Niliogopa jambo ambalo sikuwahi kuliwaza tangu nizaliwe: kwamba Mama hakumtaka Baba hata siku moja, na sisi wawili ni watoto wa uvumilivu wake. Mtu mzima wa miaka thelathini na nne, nikawa nasikiliza nyayo za wazazi kama mtoto.

Juzi Jumanne tulikuwa tunakata kabichi ya kuchachusha kwa chumvi ndani ya pipa, mimi na Mama. Nikamuuliza moja kwa moja. Alikata vichwa viwili vizima kabla ya kunijibu.

Alisema kwamba baada ya Noeli ile Padri Ostap alikuja nyumbani, mataji yakiwa ndani ya mfuko, ili wapange siku. Baba alikuwa kwa wagonjwa. Mama akamkaribisha chai, kisha akamwomba ayarudishe mataji kanisani na asimwambie mtu. Alikuwa na miaka ishirini na miwili. Wazee walikuwa wamepanga kila kitu, hata rangi ya viatu vyake. Baba alimheshimu lakini hakumjua. Siku ile mlango wa kanisa ulipofunguka na upepo kuingia, alivuta pumzi. Mwanamke wa watu alikuwa anakaribia kufa, na yeye anashukuru. Mpaka leo anatubu kwa hilo. Lakini aliutaka ule mlango ubaki wazi kidogo.

Nikamuuliza kama aliwahi kutaka kuupita. Akasema mara mbili, na mara ya pili alifika kituo cha treni.

“Nikarudi,” akasema. “Hakuna aliyenifuata, Daria. Wenzangu walifungwa ndoa siku moja, yakaisha. Mimi nimemchagua baba yako kila asubuhi, hata zile asubuhi alizokuwa hachaguliki.”

Nilifarijika mpaka nikacheka. Nikamwambia basi tatizo liko wapi, si aende akamalize? Hapo akaweka kisu chini.

“Umewahi kumwona baba yako akitoka kwa mgonjwa kabla ya kumaliza? Hatoki. Na akimaliza, hakai hata kwa chai, anachukua mfuko wake wa dawa na kuondoka. Sasa anataka kumaliza. Mimi simruhusu.”

Akalia waziwazi, mikono yake imejaa chumvi, hawezi kujifuta. Nilimfuta mimi.

Mama hakuniomba siri, na hata angeniomba sidhani ningeweza. Nilikwenda kwa Baba nikamweleza yote, ya padri, ya mlango, ya kituo cha treni, na ya mfuko wa dawa. Alicheka kwa ule upande wa mdomo unaocheka. Akasema ya padri anayajua, tena tangu wiki ile ile, kwa sababu Padri Ostap alikuwa mtu mwema asiyeweza kubeba siri. Akaniuliza kama nilidhani miaka yote alirudi nyumbani akiendesha gari kama mwizi kwa kupenda mwendo tu. Na zile simu alizokuwa akipiga kutoka kila nyumba ya shamba, akiuliza kama tumekula? Alitaka kusikia ni nani atakayepokea. Aliniambia hakuwahi kufungua mlango wa nyumba hii bila moyo kudunda.

Nikamuuliza kwa nini hakumwambia. Akasema, “Ningemwambia najua, ningekuwa nimeufunga mimi ule mlango.”

Nilikaa kitandani kwake, kaka. Sisi tulidhani tunaishi katika nyumba tulivu kuliko zote mjini, kumbe kila mmoja alikuwa anamvizia mwenzake abaki.

Kisha Baba alinituma. Nimwambie Mama watembee nusu ya ule mzunguko. Wafike mbele ya picha ya Mama wa Mungu, wasimame hapo, wageuke, warudi nyumbani. Mama alinisikiliza akiwa amenipa mgongo. Akauliza kama ni nusu kweli, au mzee atajitia kusahau aendelee. Nikasema ameapa. Akasema yeye ndiye atakayeushika ule mkono mbovu, ili ageuke mahali pa kugeukia.

Kwa hiyo njoo. Ni Jumamosi tarehe 12 Novemba. Taji litahitaji mtu wa kulishika juu ya kichwa cha Baba, na mrefu katika ukoo huu ni wewe peke yako. Njooni wote. Shangazi Paraskeva atanuna, mwacheni. Padri Danylo hatujamwambia habari ya nusu. Ataijua hapo hapo. Akikuashiria uwasukume mbele kwa sababu mzunguko bado, wewe simama tu, ushike taji. Bado ndiyo wanayoitaka.

Wifi na watoto wabusu kwa ajili yetu. Baba anakusalimu, Mama anauliza kama unakula. Mungu awafikishe salama.

Ni mimi dada yako,
Daria Hrytsak